Jeli Imegoma: Tafuta Chanzo Kuanzia Kwenye Maji

Mtu akiniletea jeli iliyogoma, swali langu la kwanza ni moja: ulitumia maji gani? Wengi huja wameshika pakiti, wanataka tusome jina la kiwanda na tarehe ya mwisho wa matumizi. Pakiti nitaisoma, lakini baadaye. Jeli yenyewe karibu yote ni maji. Lita nzima ya agari ya maabara, jeli inayotokana na mwani, husimamishwa na gramu 15 tu za unga, na chembe za kuhifadhia maji shambani zikivimba vizuri hubeba maji mara mia na zaidi ya uzito wake mkavu. Kitu ambacho karibu chote ni maji, huwezi kukichunguza ukaanzia kwenye unga.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili, kama watu wanavyozisimulia. Lakini tukubaliane kwanza kuhusu kinachotokea ndani ya jeli, maana bila hapo utabaki kubahatisha.

Wavu, mafundo na maji

Fikiria wavu wa kuvulia. Nyuzi ni minyororo mirefu ya polima, na mafundo ni pale minyororo inaposhikana. Nyuzi hizi zinapenda maji, kwa hiyo maji huingia katikati yake na kuzisukuma zitengane. Kama pasingekuwa na mafundo, zingetengana moja kwa moja, nawe ungebaki na kitu cha kumiminika, uji mwembamba au mzito. Mafundo ndiyo yanayozuia. Uzi ukivutwa kutoka pande mbili hutaka kujirudi kama mpira wa manati, na nguvu ya maji kuingia ikilingana na nguvu ya nyuzi kujirudi, jeli huacha kuvimba. Paul Flory na John Rehner waliandika hesabu ya mvutano huo mwaka 1943, na mpaka sasa ndipo wahandisi wa jeli wanapoanzia.

Kuna nguvu ya tatu, nayo ndiyo inayozitofautisha chembe za pampasi na jeli ya jikoni. Minyororo ya poliakrilati, polima ya chembe za pampasi na hata za shambani, ina chaji hasi nyingi. Kila chaji hasi ina ioni yake, yaani atomu yenye chaji, ya sodiamu au potasiamu inayoelea karibu nayo, na ioni hiyo haiwezi kuondoka peke yake kwa kuwa chaji lazima zilingane. Ndani ya jeli pamejaa ioni, nje maji ni matupu. Maji huzifuata ioni ndani. Ni osmosi ileile tuliyosoma sekondari kwa kiazi na maji ya chumvi.

Mafundo nayo hayafanani. Mengine ni ya kudumu, yamefungwa kwa kemia, huwezi kuyafungua kwa kuchemsha: ndivyo zilivyo chembe za shambani. Mengine hufunguka kwa joto na kujifunga kwa baridi, kama ya agari na jelatini. Mengine hushikwa na ioni: potasiamu, kalsiamu. Kwa kila dalili hapa chini utajiuliza mambo matatu: nini kinavuta maji, mafundo ni ya aina gani na mangapi, na je, jeli imepata muda na joto linaloifaa?

Chembe za shambani hazivimbi, au zinavimba nusu

Shemeji yangu ana mipapai nje kidogo ya Dodoma. Alinunua chembe za poliakrilati, akaziloweka kwenye ndoo jioni, asubuhi akakuta kitu mfano wa mchele uliolowa. Akanipigia simu: "Shemeji, nimeuziwa mchanga."

Nilipofika niliomba kwanza maji ya kunywa, kisha nikaomba kuona birika. Maji ya kisima yalikuwa na ukali wa chumvi, na birika ndani lilikuwa na ukoko mweupe mgumu. Tukatafuta chupa tatu za lita moja, tukazikata shingo. Kila chupa tukatia nusu kijiko cha chai cha chembe. Ya kwanza tuliijaza maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, ya pili maji ya kisima, ya tatu maji ya mvua yenye kijiko kikubwa cha chumvi ya mezani. Tukaziacha kivulini, tukaenda kula.

Tuliporudi, chupa ya kwanza ilikuwa na vipande angavu kama barafu iliyovunjwa, vimepanda kupita nusu ya chupa. Ya tatu, yenye chumvi, safu ya jeli ilikuwa na kimo cha vidole viwili. Ya kisima haikuizidi sana, na vipande vyake ukivibana kwa vidole vilikuwa vigumu, vina weupe kidogo, wakati vile vya mvua vilikuwa vinateleza.

Mpaka hapo muuzaji hana kosa. Unga ni mzima. Sasa ndipo kipimo kinachotenganisha chanzo na chanzo. Tulimwaga maji ya chupa ya pili na ya tatu, tukaweka maji ya mvua, tukarudia hivyo mara mbili. Jeli ya chumvi ya mezani ilipanda karibu kuifikia ile ya kwanza. Ya kisima ilipanda kidogo tu, ikaishia hapo.

Maana yake ni hii. Chumvi ya kawaida hupunguza uvimbaji kwa kuongeza ioni upande wa nje. Tofauti ya ndani na nje ikipungua, maji hayana sababu ya kuingia. Ukiisuuza chumvi, tofauti inarudi. Kalsiamu hufanya kingine kabisa. Ioni moja ya kalsiamu ina chaji mbili, kwa hiyo hushika chaji hasi mbili kwa mkupuo, mara nyingi za minyororo miwili tofauti. Hapo fundo jipya limezaliwa. Tena imewafukuza sodiamu wawili ikakaa yenyewe moja, kwa hiyo hata ile nguvu ya osmosi imepungua. Maji safi hayawezi kuiondoa kalsiamu hiyo, kwa kuwa hayana ioni ya kuchukua nafasi yake.

Kwa hiyo kipimo cha nyumbani ni kusuuza. Jeli ikirudi, tatizo ni chumvi nyepesi. Isiporudi, ni kalsiamu au magnesi, na mara nyingi maji hayo utayajua hata bila chembe: sabuni haitoi povu upesi, birika linaota ukoko.

Tiba? Loweka chembe kwa maji ya mvua kabla ya kuzifukia, ili zianze zikiwa zimevimba. Usiziloweke pamoja na mbolea. Hasa CAN, maana ndani yake mna kalsiamu, nayo ndiyo mbolea iliyojaa maduka ya pembejeo Afrika Mashariki. Urea haina chaji ikiwa bado urea, kwa hiyo haiidhuru jeli kwa kiasi hicho, ingawa udongo huigeuza kuwa amonia baada ya siku chache. Na yale maandishi ya "huvuta mara mia nne" kwenye mfuko, yasome kwa kujua yalipimwa wapi. Ni maji yaliyosafishwa kabisa, na chembe hazijalaliwa na kitu. Katika maji ya chumvi yenye asilimia 0.9, kiwango cha chumvi kinachokaribia cha mwili wa binadamu, poliakrilati hiyohiyo huvuta kama mara 30 hadi 60.

Kulaliwa nako kuna hesabu yake. Udongo wa juu unaikandamiza jeli, nayo lazima iusukume ili ivimbe. Ukifukia kina kirefu kwenye udongo mzito, itavimba kidogo hata kwa maji mazuri. Ukiweka nyingi karibu na juu, itausukuma udongo uinuke, na mche mchanga utang'oka nao. Nimeona miche ya nyanya imelala ubavu asubuhi baada ya mvua ya kwanza, mizizi iko nje, chini yake jeli imetuna kama mkate.

Jambo moja nalisema kwa uzito wote: chembe hizi, hasa zile za rangi zinazouzwa kama mapambo au vitu vya kuchezea, zisiachwe mtoto alipo. Kavu ni ndogo kama punje ya pilipili manga, inamezeka, kisha inavimba ndani ya utumbo na kuuziba. Mtoto akimeza, mpeleke hospitali hata kama anacheka na kucheza.

Mwaka wa kwanza zilifanya kazi, wa pili zimegoma

Hapa kuna vyanzo viwili vinavyofanana kwa macho. Cha kwanza ni kalsiamu inayojikusanya taratibu: kila umwagiliaji huleta kidogo, udongo huleta kidogo, na mafundo yanaongezeka. Jeli ukiifukua ni ndogo, ngumu. Cha pili ni minyororo yenyewe kukatika, kwa jua na vijidudu vya udongo. Jeli ya namna hiyo ukiifukua inateleza kama kamasi, haina umbo. Ile ngumu imeongezewa mafundo, ile ya kamasi imepungukiwa nyuzi. Ya kwanza unaweza kuifufua kwa kuiloweka katika maji ya chumvi ya potasiamu kisha kuisuuza, lakini kwa shamba zima kazi hiyo hailipi. Ya pili haina ufufuo.

Unga umeganda mabonge

Dalili hii kila mpishi wa uji anaijua. Mimina unga wa mahindi kwenye maji yanayochemka bila kuukoroga kwanza kwa maji baridi, utapata mabonge: nje yameiva, ukiyapasua ndani unga mkavu. Agari, alginati na karajinani, zote za mwani, pamoja na jelatini na unga wa kutengenezea jeli ya nywele, vyote hufanya hivyo. Punje za nje huvimba mara moja na kushikana, zinajenga ngozi, na maji yanayotaka kuingia ndani lazima yapite kwenye ngozi hiyo.

Kupenya huko ni taratibu, na muda wake hufuata mraba wa ukubwa. Bonge lenye upana mara mbili linahitaji muda mara nne, lenye upana mara kumi linahitaji mara mia. Ndiyo sababu unga laini hulowa kwa dakika na bonge lake likakaa usiku kucha likiwa kavu moyoni. Kulipondaponda kwa mwiko husaidia kidogo tu.

Zuia mapema. Changanya unga mkavu na sukari mara tano au zaidi ya uzito wake, punje zisigusane, ndipo umimine. Au ulowanishe kwanza kwa kitu ambacho unga hauvimbi ndani yake, kama gliserini au spiriti. Au uunyunyize kidogo kidogo huku maji yanazunguka kwa nguvu. Alginati huwa naiacha ilale usiku mzima baada ya kukoroga, asubuhi mabonge madogo na mapovu yote yametoweka.

Jeli ya nywele au ya kusafishia mikono haiwi nzito

Mwaka 2020 wengi walijifunza kutengeneza jeli ya mikono, na wengi walikwama hapa. Unga unaotumika huitwa kaboma. Nao ni jamaa wa zile chembe za shambani: ni vipande vidogo mno vya wavu wa asidi ya poliakriliki. Ukiutia kwenye maji peke yake, maji yanakuwa machachu na mepesi, yana ukungu. Watu huongeza unga, halafu tena unga. Kosa liko kwingine. Kwenye maji machachu minyororo haina chaji, imejikunja. Tia alkali kidogo, trietanolamini au sodiamu haidroksaidi iliyopunguzwa makali, tone kwa tone ukikoroga, na pH ikikaribia 6 au 7 utaona kitu cha kustaajabisha: ndani ya sekunde maji yanageuka jeli angavu na mwiko unasimama. Minyororo imepata chaji, imesukumana, imefunguka, imeyameza maji yote.

Ikiwa ilikuwa nzito kisha ikalegea, uliza kilichoongezwa mwisho. Chumvi hulegeza, maji ya shubiri halisi hulegeza kwa kuwa yana madini, na alkali ikizidi hulegeza pia maana nayo ni ioni. Ikiwa ililegea ikiwa kwenye chupa angavu dirishani, ni jua limekata minyororo. Hamishia kivulini au tumia chupa yenye rangi.

Haigandi kabisa

Jelatini, agari na karajinani zina sababu tofauti za kukataa, kwa hiyo lazima ujue unashika nini.

Jelatini ni protini, na mafundo yake ni dhaifu: huyeyuka kwenye joto lililo chini ya la mwili. Dar es Salaam mwezi wa Februari, jelatini iliyoachwa mezani bila friji itarudi kuwa maji, na hapo hakuna kosa la mpishi. Lakini isipoganda hata kwenye friji, uliza kuhusu matunda. Papai bichi, nanasi bichi. Wauza mishikaki wanajua papai bichi hulainisha nyama ngumu. Kimeng'enya kile kile kinachokata nyama hukata jelatini, na wavu uliokatwa hauna mafundo ya kufunga. Chemsha tunda dakika chache kwanza, kimeng'enya kitakufa. Au tumia agari, ambayo ni sukari ndefu na vimeng'enya hivyo haviijui. Kwa wapishi wa pwani agari ina faida nyingine pia: hutokana na mwani, kwa hiyo swali la mnyama gani na kachinjwa vipi halipo.

Maabara zilipita njia hiyohiyo. Mwaka 1881, kwenye kazi za Robert Koch huko Berlin, bakteria walioteshwa juu ya jelatini kwenye joto la nyuzi 37 waliona chini yao pameyeyuka, na aina nyingine zikaila jelatini yenyewe. Fanny Hesse, mke wa daktari Walther Hesse, alikuwa akitumia agari jikoni kwake kwa vitu vitamu, akaipendekeza. Joto na vimeng'enya: matatizo mawili aliyoyamaliza kwa unga mmoja ndiyo haya yanayokusumbua na papai lako.

Agari isipoganda, mara nyingi haikuchemka. Huyeyuka kwenye nyuzi 85 hivi, lakini huganda ikishuka hadi kati ya 32 na 40. Maji ya moto ya chupa ya chai hayatoshi. Yachemke, yakae yakichemka dakika mbili tatu, uangalie kwenye mwanga mpaka usione punje zinazoogelea. Na ndimu au ukwaju vitiwe mwisho, sufuria ikishaondolewa motoni. Asidi na moto pamoja hukata minyororo ya agari na ya karajinani pia.

Karajinani ndiyo inayonigusa, kwa kuwa mwani wake ni wetu. Kilimo cha mwani cha kuuza kilianza Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, na tangu hapo kinamama wa pwani ya mashariki ya Unguja wamekuwa wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba, maji yakitoka wako huko, yakijaa wamerudi. Wanalima aina mbili, na majina wanayoyatumia ni spinosamu na kotonii. Kwa macho ni mwani, kwa bei zinatofautiana, na kwa jeli ni dunia mbili. Kotonii hutoa karajinani ya aina ya kapa, inayoganda ngumu ikikutana na potasiamu. Spinosamu hutoa ya aina ya ayota, inayoganda laini, yenye kunesa, ikikutana na kalsiamu. Na kwa kuwa kotonii hufa maji ya bahari yanapopata joto, mwani mwingi unaovunwa Unguja ni spinosamu.

Sasa fikiria dada aliyepata maelekezo ya jeli ngumu ya kukatwa vipande, akachemsha spinosamu aliyoanika mwenyewe, akapata kitu kinachotikisika kama maziwa mgando. Anaambiwa hakupima vizuri. Alipima vizuri sana. Mwani wake hauwezi kutoa jeli ya namna ile, hata akiongeza mara mbili. Ila una sifa ambazo kapa haina: haimeguki, ukiikata na kuiacha hujiunga tena, na haitoi maji. Kwa losheni, kwa jemu, kwa maziwa mazito, ndiyo bora.

Mwenye kapa halisi asiyepata ugumu, akumbuke potasiamu. Ile chumvi mbadala ya wagonjwa wa shinikizo la damu, yenye kloridi ya potasiamu, kiasi kidogo tu kinatosha kufunga mafundo. Lakini usimlishe mgonjwa wa figo jeli hiyo bila daktari wake kujua. Ukitumia maziwa, kapa hushikana na protini ya maziwa, kwa hiyo utahitaji unga mchache kuliko ukitumia maji.

Jeli inalia maji

Umeiacha usiku kwenye bakuli, asubuhi kuna kidimbwi pembeni. Kwanza hakikisha ni jeli inayolia. Matone kwenye kifuniko cha sahani ya agari ni mvuke uliopoa, umemimina ikiwa bado moto sana. Subiri ishuke kwenye nyuzi 50 hivi, na ikishaganda igeuze sahani juu chini.

Kidimbwi cha kweli kinatoka ndani. Mafundo hayakomi kujifunga siku jeli iliposimama. Minyororo inaendelea kutafutana, makundi yananenepa, wavu unajikaza, na maji yanakamuliwa nje kama nguo inavyokamuliwa. Kapa yenye potasiamu nyingi hulia kuliko zote. Agari nyepesi sana hulia kuliko agari nzito, kwa sababu wavu wenye nyuzi chache hauna nguvu ya kukataa kukazwa.

Kwa kapa, punguza potasiamu, au changanya na ayota, au ongeza unga wa mbegu za karobi, ambao hujipenyeza kati ya makundi ya kapa na kuyazuia yasibanane. Jeli hapo inanesa badala ya kumeguka, na kidimbwi kinakauka. Kwa agari, ongeza unga kidogo. Kuongeza maji, ambako wengi ndiko wanakokimbilia, huzidisha kilio.

Imeganda kabla hujamaliza, au imebadilika umbo baadaye

Hii ni ya alginati, na wanaoijua zaidi ni mafundi wa meno. Ule unga wanaoukoroga na maji na kukujaza nao mdomoni ili wapate umbo la meno yako una alginati pamoja na chumvi ya kalsiamu isiyoyeyuka haraka. Ndani yake mna fosfeti pia, kazi yake ni kuidaka kalsiamu ya mwanzo ili daktari apate dakika ya kukoroga na kuingiza. Fosfeti ikiisha, kalsiamu inaifikia alginati na mafundo yanafunga. Maji yakiwa ya uvuguvugu, kila kitu kinakimbia, kwa hiyo kliniki isiyo na kiyoyozi, kwenye msimu wa joto, itumie maji ya friji. Maji magumu, yale yanayoota ukoko kwenye birika, nayo huleta kalsiamu yake juu ya ile iliyopimwa kiwandani.

Halafu umbo lile likitolewa mdomoni, saa inaanza kuhesabu. Likiachwa mezani hukauka na kusinyaa. Likitumbukizwa kwenye maji huvimba. Kote kuwili meno bandia hayatakaa. Lifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu, plasta imiminwe mapema. Mgonjwa anayelalamika kwamba meno yanambana, chanzo huenda ni nusu saa ambayo umbo lilisubiri dirishani.

Wanaotengeneza vidonge vya alginati kwa kudondosha kwenye maji ya kloridi ya kalsiamu hukutana na kinyume chake: vidonge vizuri, kesho vimeyeyuka. Tazama vilihifadhiwa kwenye nini. Maji ya chumvi ya sodiamu huing'oa kalsiamu taratibu, na bafa ya fosfeti au maji ya ndimu huing'oa haraka, kwa kuwa fosfeti na sitreti huishika kalsiamu kwa nguvu. Hifadhi kwenye maji yenye kalsiamu kidogo. Na ikiwa alginati inakuwa nzito kabla hata ya kudondoshwa, chemsha maji kwanza, uyaache yatulie na kumimina ya juu. Ugumu wa aina ya bikaboneti hubaki chini pamoja na ukoko. Ugumu wa aina nyingine hauondoki kwa moto, hapo tafuta maji ya mvua.

Iliingia friza jeli, ikatoka sifongo

Maji yakiganda hutaka kuwa barafu tupu. Fuwele inapokua husukuma minyororo kando, na minyororo iliyobanwa pamoja hufunga mafundo mapya. Barafu ikiyeyuka, maji yanatoka kwenye mashimo na hayarudi tena. Agari na kapa huharibika hivyo, ayota huvumilia. Wajapani waliigeuza hasara hii kuwa kazi: agari huachwa nje usiku wa baridi kali, mchana barafu inayeyuka na kudondoka pamoja na uchafu, hadi wabaki na vipande vyepesi vikavu vya kuuza.

Si maji yote yanayoganda. Yale yaliyoikumbatia minyororo yenyewe, tabaka moja au mawili, hubaki bila kuwa barafu hata chini ya sifuri. Ndiyo maana jeli kavu kwa kuigusa bado ina uzito wa maji ukiipima, na ndiyo maana kukausha jeli hadi mwisho huchukua muda mrefu kuliko ulivyotegemea: maji ya mwanzo yanaondoka upesi, ya mwisho yameshikiliwa.

Ukikutana na polivinili alkoholi, polima ya kiwandani inayoyeyuka kwenye maji, sahau onyo la friza. Yenyewe huingia ikiwa maji mazito na kutoka ikiwa jeli, kwa sababu ule ule msongamano wa minyororo kati ya fuwele ndio unaoifungia mafundo. Irudishe friza mara tatu au nne, ikiyeyuka katikati ya kila awamu, na kila awamu itazidi kuwa ngumu. Ikiwa yako bado inatiririka baada ya awamu ya tatu, rudi kwenye chupa ya unga usome uzito wa molekuli. Hapo ndipo ninapoisoma pakiti.